Bima haimjui dokta wako, inakijua kituo: kumpata daktari wa familia Tanga kwa kadi ya serikali

Mama yangu ukimuuliza anatibiwa wapi hakutajii hospitali, anakwambia "natibiwa na yule kijana mrefu wa Lushoto". Basi. Presha anayo miaka sasa, sukari imekuja baadae, na yule kijana mrefu ndo kamjulia dawa, ndo anayemwambia shikamoo mama hata kama foleni imefika mlangoni, ndo aliyemwambia aache kuongeza chumvi mezani na mama akaacha kweli, kitu ambacho sie watoto wake tulikisema mpaka tukachoka. Mama anatumia kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, kaandikwa kama mtegemezi wa dada yangu ambae ni mwalimu. Kadi haijawahi kumsumbua mpaka siku tuliposikia kwamba yule dokta jioni anapiga deiwaka kwenye kliniki moja ya mtu binafsi hapa mjini, hamna foleni, kuna feni na viti vya sponji, tukasema ah, si bora tumpeleke huko kuliko kukaa kwenye benchi toka saa kumi na mbili asubuhi.

Tumefika. Dokta ni yule yule, kamuona mama mlangoni kampungia mkono kabisa. Dada wa mapokezi akaishika kadi, akaigeuza, akairudisha. "Hii hatupokei mama." Mama akamtazama, akanitazama na mie, alafu akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyekaa pale: "Kwani kadi hii asubuhi ilikuwa ya nani na jioni ni ya nani?"

Nililipa keshi siku ile, jibu sikuwa nalo. Ila swali la mama ndo lenyewe hasa, maana watu wengi Tanga wanauliza "nipate dokta gani anaepokea bima ya serikali" na swali likiulizwa hivo halina jibu, unaweza kuzunguka kuanzia Raskazone mpaka Pongwe usilipate. Bima haipokelewi na dokta. Inapokelewa na kituo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huu tunaouita NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, mkataba wake unaingia na zahanati, kituo cha afya, hospitali, kliniki, famasi. Yule kijana mrefu yeye kama yeye hana mkataba na bima yoyote. Asubuhi akiwa hospitali ya serikali anafanya kazi chini ya mwavuli wa hospitali ile, na vituo vya serikali vimo kwenye bima moja kwa moja. Jioni akivuka barabara akaingia kliniki ya mtu, mwavuli ni mwingine, na mwenye kliniki kama hajaomba kusajiliwa, au aliomba akakosa vigezo, au mkataba umeisha na hajauhuisha, basi dokta hata awe mtoto wako wa kumzaa kadi haisomi.

Nieleze kidogo hela inavotembea, ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Ukifika mapokezi wanaingiza namba ya kadi kwenye mfumo, sehemu nyingi siku hizi na kidole unaweka, mfumo unasema huyu yupo hai au hayupo, ukikubali wanapata namba ya idhini ya siku ile. Alafu inafunguliwa fomu, ya karatasi au ya kwenye kompyuta, na hiyo fomu inatembea na wewe: dokta anaandika ugonjwa na jina lake na ngazi yake, maabara wanaandika vipimo, dirisha la dawa wanaandika dawa, mwisho unasaini wewe mgonjwa. Kituo kinakusanya fomu zote za mwezi kinapeleka madai NHIF. Hapo bado hawajalipwa hata senti. Madai yanakaguliwa, na kwenye ukaguzi kuna kukatwa, dokta akiandika kipimo kisichoendana na ugonjwa alioandika inakatwa, akisahau kusaini inakatwa, dawa isiyoruhusiwa ngazi ile inakatwa. Kinachobaki ndo kinalipwa, na kwa bei ya kitita cha NHIF, yani orodha yao ya huduma na bei zake, sio ile iliyobandikwa ukutani kwa wateja wa keshi.

Kwa hiyo mwenye kliniki ndogo ya vyumba vitatu pale mjini anapiga hesabu zake. Mgonjwa wa keshi analipa leo. Mgonjwa wa bima amlipie dawa leo kwenye duka la jumla, alipe mshahara wa nesi mwisho wa mwezi, alipe umeme, alafu yeye asubiri. Wengine wanaweza, wengine hawawezi. Simtetei mtu hapa, yule dada angeweza kutwambia kwa simu kabla hatujalipa nauli ya bajaji, lakini kumuona mwenye kliniki kama mwizi nako sio.

Alafu NB, saini. Hiyo saini yako kwenye fomu maana yake unathibitisha umepata hivo vitu. Watu tunasaini fomu tupu asubuhi "ili usisumbuke tena mama" alafu hatujui jioni imejazwa nini. Soma kwanza. Kama umepewa panado na imeandikwa sindano tano, sema. Na kadi usimwazime shemeji yako hata kama mmefanana, siku itakapokuja kuonekana kwenye mfumo kwamba wewe una aina nyingine ya damu au ulishafanyiwa oparesheni ambayo hujafanyiwa, atakaepata shida ni wewe.

Sasa hili neno daktari wa familia. Kuna nchi, kama Uingereza, mtu anajisajili kwa daktari wa mtaani kwake na huyo ndo mlango wake wa kuingilia kila mahali. Kwetu hakuna kitu hicho. Hamna sehemu NHIF watakuuliza "dokta wako wa familia ni nani". Wapo madaktari waliosomea hasa udaktari wa familia kama ubingwa, Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar wanaufundisha, lakini ni wachache na kwa mtu wa Mwanzange au Duga sio wa kuwasubiri. Tunachokiita dokta wa familia ni mtu mmoja anaejua historia yetu, na huyo unamtengeneza mwenyewe kwa kurudi rudi.

Na hapa watu wanajichanganya kitu kingine. Sisi kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, kumbe ndani yake kuna ngazi. Kuna tabibu, huyu kasoma stashahada, ndo utamkuta zahanati na vituo vingi. Kuna daktari msaidizi, ni tabibu aliyerudi shule akaongeza. Kuna daktari mwenyewe, miaka mitano ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa mazoezi. Alafu bingwa, na juu yake bingwa bobezi. Kadi yako inakubali wote hawa, ila bima inalipa tofauti kutokana na ngazi ya mtu na ngazi ya kituo, ndo maana huwezi kwenda na mafua ukataka bingwa wa masikio alafu uwashangae wakikuuliza barua ya rufaa.

Mie maoni yangu, na najua kuna watakaobisha, kwa mtu mwenye presha au sukari ya kawaida tabibu mzuri wa kituo cha afya anaekuona kila mwezi na anaejua mwezi uliopita ulisoma ngapi anakufaa kuliko bingwa unaemuona mara moja kwa dakika nne. Bingwa awepo, ila awe wa kuulizwa mara moja moja. Watu wa mjini tuna ugonjwa wa kutaka bingwa hata wa kung'atwa na siafu. Ukiwa na wasiwasi na mtu, kwamba huyu ni daktari kweli au kajipa, Baraza la Madaktari Tanganyika wana rejista na jina linatafutwa, sio siri wala sio kumkosea adabu.

Tukija kwenye ngazi za vituo, kwa hapa Tanga jiji ipo hivi. Chini kabisa ni zahanati za kata. Juu yake vituo vya afya, Makorora, Ngamiani, Mikanjuni, Pongwe kwa walio njia ya Muheza. Alafu hospitali ya wilaya, alafu Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, pale juu ya bahari na majengo yake ya enzi za Wajerumani. Kutoka Bombo rufaa ya kanda ni KCMC Moshi, maana sie tunahesabika kaskazini, ingawa wengi kwa sababu ya ndugu wanaomba wapelekwe Muhimbili. Utaratibu unataka upande ngazi moja moja, anzia chini, chini wakishindwa wakuandikie rufaa. Dharura haina rufaa, mtu kapata ajali au mjamzito anatoka damu unaingia popote mlango ulipo wazi, karatasi baadae.

Watu wanaichukia hii ngazi. Nilikuwa naichukia na mie, naona kama ni kusumbuana tu, mpaka siku nilipoambiwa kuhusu herufi. Ipo orodha ya taifa ya dawa muhimu, na kila dawa humo ina herufi: A ni ya kuanzia zahanati, B kuanzia kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S za mabingwa. Sasa unakuta mama kaanzishiwa dawa ya presha na bingwa, dawa ina herufi ya juu, anarudi mtaani kwake anaenda zahanati anaambiwa "hii hatuna". Anadhani dawa zimeisha, au wameuza. Kumbe zahanati ile hata ikiwa na hiyo dawa kabatini bima haitailipa kwa ngazi yao. Hii ni sababu mojawapo ya watu kuishia Bombo kila mwezi kwa ajili ya dawa tu, foleni inajaa, alafu mwenye kuhitaji bingwa kweli anakosa nafasi.

Dawa yake? Yani ufumbuzi wake, sio dawa ya presha. Siku unayomuona bingwa, kabla hujainuka kwenye kiti, muulize: "Dokta, hizi naweza kuzipata kituo cha afya cha karibu na nyumbani? Kama haziwezekani ipo nyingine ya kazi hiyo hiyo inayopatikana huko?" Mara nyingi ipo. Alafu mwombe akuandikie maelezo ya kurudi nayo chini: ugonjwa, dawa, kipimo gani kirudiwe lini, na ukiona nini urudi kwake. Rufaa ya kwenda juu kila mtu anaijua, ya kurudi chini hakuna anaeiomba, na hiyo ndo inayomfanya tabibu wako wa Makorora awe dokta wako wa familia kweli, maana anakuwa na mwongozo mkononi hafanyi kazi ya kubahatisha.

Na dawa ikikosekana kabisa kituoni, usitoke getini. Nasema tena, usitoke getini. Ikiwa ni dawa inayoruhusiwa na imeisha tu, omba fomu ya kwenda kuichukulia kwenye famasi au duka la dawa lenye mkataba na NHIF, na wakutajie ni lipi. Wengi wetu tukiambiwa "dawa hii hamna kanunue" tunachukua kikaratasi tunaenda duka la kwanza barabarani tunatoa hela, na ukishatoa hela hakuna wa kukurudishia. Shangazi yangu kaenda hivo miezi kibao, dawa ya elfu kumi na kitu, na kadi ipo kwenye pochi.

Sasa kadi zenyewe. "Bima ya serikali" sio kitu kimoja na hapa ndo ugomvi wa mapokezi unapoanzia. Jirani yetu mmoja alienda kliniki ya binafsi yenye bango kubwa la NHIF nje, yeye mkononi ana kadi ya CHF, akakataliwa, akarudi mtaani anatangaza kwamba kile kituo ni waongo. Hawakuwa waongo. CHF ni mfuko wa afya ya jamii, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria 2001, alafu 2018 ukaja ule ulioboreshwa ambao kaya ya watu wasiozidi sita mikoani ilikuwa inalipa 30,000 kwa mwaka. Huo ulikuwa unakutibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yani kwa Tanga mwisho wake Bombo. Kliniki ya binafsi yenye feni haikuwemo humo. NHIF ni mfuko mwingine, kwa mfanyakazi wa serikali mshahara unakatwa asilimia tatu na mwajiri anaongeza tatu, inakuwa sita, na unaingiza wewe na mwenza wako na wategemezi wanne, watoto au wazazi wako au wakwe. Huo unakubalika nchi nzima, serikalini, vya dini na vya binafsi vyenye mkataba.

Juu ya hapo ikaja sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Bunge liliipitisha Novemba 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima, na chini yake mambo yanapangwa upya. Kwa hiyo mwenye kadi yoyote jambo la kwanza kabla ya kutafuta dokta ni kujua kadi yako ni ya mfuko gani na kifurushi gani, maana mtu wa mapokezi akikuuliza "bima gani?" na wewe ukajibu "ya serikali" bado hujamjibu.

Na usidhani binafsi au dini maana yake kadi haipiti. Hospitali ya Teule pale Muheza ni ya Kanisa la Anglikana na miaka na miaka imefanya kazi kama hospitali ya wilaya kwa makubaliano na serikali, ndo hata hilo jina lake limetokea hapo. Kinachoangaliwa ni mkataba.

Mkataba wenyewe nao unahema, leo upo kesho haupo. Mnakumbuka Machi 2024? NHIF walianza kutumia kitita kipya cha bei tarehe 1 mwezi ule, vituo vya binafsi kupitia chama chao APHFTA wakasema bei hizi haziwezi kuendesha hospitali, wakatangaza kusimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF. Watu wakakuta wagonjwa wao wanarudishwa mlangoni, foleni za serikalini zikafura, ikawa mazungumzo na kamati, wengine wakarejea. Waliokuwa na dokta mmoja tu kwenye kliniki moja tu ndo waliumia. Waliokuwa na faili pia kituo cha serikali karibu na nyumbani walihamisha mguu tu.

Kwa hiyo hata ukikuta orodha ya vituo vyenye mkataba, NHIF wenyewe wanaitoa na ofisi yao ya mkoa ipo hapahapa mjini, ichukulie kama pa kuanzia. Alafu piga simu kituoni au pita mwenyewe. Na usimuulize mtu "mnapokea bima?" Hilo swali ni jepesi mno, atakujibu ndio na atakuwa hajadanganya. Muulize mtu wa bima, vituo vingi vina dawati lake, kwamba mkataba wenu na NHIF upo hai saivi, na dokta fulani anakaa siku gani, na siku hizo anazokaa anaonwa kwa kadi au kwa keshi. Hili la mwisho muhimu sana. Kuna kliniki zina mkataba, lakini bingwa anaekuja Jumanne na Ijumaa jioni wamekubaliana nae awe wa keshi tu, sababu mgao wake wa bima ni mdogo au haujawekwa sawa. Kadi inapita kwa dokta wa zamu, kwa yule unaemtaka wewe haipiti. Malizia kuuliza kama vipimo na dawa vinatolewa hapohapo kwa kadi, maana kuna sehemu kumuona dokta ni bima, maabara "mashine mbovu nenda pale ng'ambo", na pale ng'ambo ni keshi.

Ukikosa wa kumuuliza, muulize mlinzi. Sitanii. Mlinzi wa getini anajua dokta gani anawahi, nani anachelewa, nani kahamishwa, siku gani kliniki ya sukari inajaa, saa ngapi mtandao unakata. Mie nimejua mengi kwa mlinzi kuliko kwa bango lolote. Umkute asubuhi na chapati mkononi, mpe salamu zake kamili, habari za asubuhi habari za nyumbani habari za kazi, sio unamrukia na swali kama polisi.

Kadi kukataa mahali penye mkataba ni habari nyingine. Mara nyingi sio kituo, ni mfumo unasema haupo hai: mwajiri hajawasilisha michango, au mtoto kavuka umri wa kuwa tegemezi na hakuna aliekumbuka, au mchangiaji mwenyewe kastaafu. Hili la kustaafu liwekeni akilini walimu na manesi mnaokaribia 60, mstaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, wale wengine kwenye kadi wanatoka. Mama yetu mwenyewe dada akistaafu hatakuwa na kadi, na tunalijua mapema. Mambo hayo yanamalizwa ofisi ya NHIF, sio kwa kugombana na binti wa mapokezi ambae hana mamlaka ya kubonyeza chochote. Na mzee wa 60 na kuendelea asiejiweza asisahau kwamba kwa sera anatibiwa bure kituo cha serikali hata bila bima, kama ilivo kwa mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano, ingawa kwa mzee kwanza atambuliwe kwa serikali ya mtaa wake.

Baada ya ile jioni ya aibu sisi tulifanya hivi. Tulichagua kituo cha afya ambacho mama anafika kwa daladala moja, sio kizuri kuliko vyote, cha karibu kuliko vyote. Tulienda mara tatu siku tofauti tuone nani yupo. Jumatatu msongamano, achana nayo. Katikati ya wiki tukamkuta tabibu mmoja mama wa makamo, mkali kidogo, hataki uchelewe, ila anasikiliza na anaandika. Mama akamnunia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili yule tabibu akamuuliza "na ile miguu inayowaka usiku imekuwaje?" na mama hakuwa amekumbusha, akarudi nyumbani anahadithia jambo hilo kama kashinda bahati nasibu.

Daftari ndo lililofanya kazi. Faili la kituo linaweza kupotea, mfumo unaweza kuzima, tabibu anaweza kwenda likizo. Tulimnunulia mama kaunta buku, lina tarehe, presha iliyosomwa, sukari, dawa na vipimo vyake, na kila akienda linaenda nae kwenye kikapu. Akikutana na mtu mgeni anampa daftari kwanza kabla ya kusema. Miezi sita baadae alivopewa rufaa ya Bombo kuangaliwa macho kwa ajili ya sukari, dokta wa kule alisoma kurasa mbili akasema haya tuanzie hapa, hakumrudisha kwenye vipimo alivyokwisha fanya. Na aliandika majibu yake humohumo kwenye daftari, tabibu mkali akayaona wiki iliyofuata.

Yule kijana mrefu wa Lushoto amehamishiwa Korogwe, tumesikia juzi. Mama kaniuliza kama kadi inasoma na Korogwe. Nikamwambia inasoma, NHIF ni nchi nzima, akienda hospitali ya serikali kule atatibiwa. Akanyamaza kidogo, akauliza na nauli ya basi toka Kange mpaka Korogwe inalipwa na nani.